Kufufua pikapu ya zamani ya bei nafuu nyumbani: tujadili utaratibu wa kazi

NatiKutu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la kama inafaa kununua pikapu chakavu na kuifufua mwenyewe nyumbani hujirudia sana, na majibu yake kwa kawaida huwa mafupi: wapo wanaosema gari la namna hiyo litakufilisi, na wapo wanaosema ni kazi ya mwishoni mwa juma. Nimeona afadhali nifungue uzi unaojitegemea ili tujadili kazi yenyewe, kwa sababu kwa maoni yangu jibu linategemea mpangilio kuliko ujuzi.

Ninazungumzia pikapu za miaka ya 1980 na 1990, kama vile Toyota Hilux, Nissan Hardbody, Mitsubishi L200, na zile za Isuzu na Mazda za wakati huo. Magari haya yamejengwa juu ya chasisi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na bodi limekaa juu yake kwa bolti zenye raba. Nyuma kuna ekseli ngumu na kwa kawaida springi za majani, na sehemu kubwa ya injini unaifikia kwa mkono ukiwa umesimama. Nyingi zenye karabureta hazina kompyuta hata moja. Kwa mtu mwenye spana za kawaida, jeki nzuri na subira, hakuna mahali pasipofikika.

Kinachozimaliza mikononi mwa wamiliki wapya ni tamaa ya kufumua kila kitu kwa mpigo. Mtu anaiingiza uani, anavua boneti, anashusha injini, anatoa bodi la mizigo, anakata nyaya, na baadaye anabaki na mafungu ya vyuma ambavyo hata yeye hakumbuki vilitoka wapi. Msimamo wangu, na ndio ninaotaka tuujadili, ni kwamba ufungue mfumo mmoja, uumalize, ulijaribu gari, ndipo ufungue mwingine. Pikapu iwe na uwezo wa kujisogeza yenyewe karibu wakati wote wa kazi.

Tuanze na ukaguzi wa kabla ya kununua. Lala chini ya gari ukiwa na tochi, bisibisi kuukuu na nyundo ndogo, kisha ugonge mihimili ya chasisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkali unaorudi. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa mlio mzito uliokufa, magamba huanguka usoni, na mara nyingine bisibisi hupenya bila kusukumwa sana. Sehemu za kutilia shaka ni pale mhimili unapopinda kupanda juu ya ekseli ya nyuma, kwenye masikio yanayoshika springi, juu ya tangi la mafuta, na popote ambapo mabamba mawili yamelaliana, kwa kuwa tope hukaa katikati yake na halikauki. Mihimili iliyofungwa pande zote nne huoza kuanzia ndani, kwa hiyo ukiona rangi nyeusi mbichi imepakwa chini ya gari linalouzwa, usiichukulie kuwa ni matunzo. Gonga upya taratibu, na uingize kidole kwenye matundu ya kutolea maji ili uhisi kilichomo.

Injini mbovu juu ya chasisi nzima ni gari la kununua. Injini nzuri juu ya chasisi iliyooza ni injini tu, na ilipiwe kama injini.

Ukishainunua, fungua breki kwanza, hata kama zinashika. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 140; ya DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo, tofauti hiyo ndiyo inayofanya pedali izame hadi sakafuni. Maji hayohayo hula kuta za masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) na silinda za magurudumu kwa ndani. Kunja ukingo wa raba ya vumbi kwenye silinda ya gurudumu la nyuma: pakiwa na unyevunyevu ndani, sili imekwisha, hata kama hakuna tone lililofika chini.

Mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu ya mbele nayo hudanganya. Kwa nje mpira unaweza kuonekana mzima, lakini kwa ndani umevimba kiasi kwamba mafuta hupita kwenda yanaposukumwa na pedali na hayarudi upesi. Gurudumu moja hubaki limeshika na kupata moto, na mwenye gari hubadilisha kalipa bure. Kwa pikapu ya umri huu mimi hubadilisha mipira yote bila kujadiliana nayo.

Pia kuna kifaa ambacho wengi huking'oa au kukipita: valvu ya kugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Iko juu ya ekseli ya nyuma, imeunganishwa nayo kwa fimbo au springi ndefu. Gari likiwa tupu, chasisi huwa juu, valvu hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasifunge. Mzigo ukiongezeka, chasisi hushuka na valvu huruhusu nguvu zaidi. Ikiwa imeganda kwa kutu upande wa kupunguza, utakuwa unasimamisha mzigo mzito kwa kutegemea zaidi breki za mbele.

Wakati wa kutoa upepo (hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya breki), anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na usiliache kopo la mafuta likauke. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho kabisa. Katika matumizi ya kila siku pistoni ya masta silinda husafiri sehemu fupi tu, na mbele ya hapo kuna kutu iliyojikusanya ambayo huchana sili nzima kwa kusukumwa mara moja.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali. Tofali la saruji halipindi wala halitoi onyo; hupasuka mara moja. Tumia stendi za chuma, zuia magurudumu yaliyobaki chini, kisha ulisukume gari kwa nguvu ukiwa nje kabla ya kuingia. Vumbi la ndani ya ngoma za breki usilipulize kwa upepo, kwa sababu vitambaa vya breki vya zamani vingi vilikuwa na asbesto. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho kitupwe kikiwa kimefungwa.

DizeliMoja

Mkuu NatiKutu, nimekusoma kwa makini, lakini sikubaliani nawe kwa jambo moja. Kwa nini mtu ahangaike na breki za gari ambalo hajui kama injini yake itaishi? Mimi ningeanza na injini. Nikikuta imekufa ninajua hesabu yangu mapema, na huenda nikaliuza gari kabla ya kununua hata mpira mmoja wa breki.

NatiKutu

DizeliMoja, hoja yako ni ya haki, na nadhani tunatofautiana kidogo kuliko inavyoonekana. Kuipima injini kunaweza kufanyika siku ya kwanza, na hata kabla ya kununua kama muuzaji anaruhusu. Ninachopinga ni kuifungua.

Kwa injini ya petroli, ipashe moto, toa plagi zote, zima mfumo wa kuwasha ili koili isitoe cheche, mtu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho, kisha piga stata hadi mshale wa kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) utulie. Namba yenyewe hutofautiana kati ya injini na injini, kwa hiyo angalia zaidi ulingano wa silinda zote. Moja ikipungukiwa kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kuliko wenzake, pana jambo. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda hiyo na upime tena: kompresheni ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikishuka kwa pamoja, mara nyingi gasketi ya hedi imekatika katikati yake.

Kwa dizeli, usitumie kipimo cha petroli, kwani mgandamizo wake ni mkubwa mara mbili au zaidi na utakiharibu, na usimimine oili ndani ya silinda.

Baada ya hapo injini inayopumua sawasawa naiacha ilivyo, hata kama inavuja hapa na pale. Breki ndizo zitakazoniruhusu kuiendesha na kuisikiliza, na kuna magonjwa ya injini ambayo hayaonekani hadi gari lipande mlima.

DizeliMoja

Hapo tumeelewana. Basi nami niongeze kwa upande wa dizeli, kwa kuwa ndiko nilikozoea.

Jambo la kwanza ni kufahamu injini yako inazungusha kamshafti (shafti inayofungua valvu) kwa kitu gani. Toyota 2L na 3L hutumia mkanda wa timingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Nissan TD27 hutumia gia, kwa hiyo hakuna mkanda wa kuhofia. Ukinunua 2L au 3L ambayo historia yake huijui, usiamini kibandiko kilichoandikwa na mmiliki wa awali. Badilisha mkanda, na beringi ya kuukaza uibadilishe papo hapo.

Pili ni moshi. Moshi mweusi maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa, kwa hiyo anza na kitu rahisi, yaani kichujio cha hewa, kabla ya kuzipeleka nozeli kwa fundi wa pampu. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe unaotoka asubuhi na kukoma baada ya muda mfupi, ukiambatana na injini kutetemeka, mara nyingi ni plagi ya kupasha moto iliyokufa. Mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, ni jambo zito zaidi.

Tatu, dizeli inayowaka vizuri ikiwa imetoka kuzimwa lakini inayosumbua ikilala usiku, huenda inaingiza hewa kwenye njia ya mafuta. Hewa hiyo huingia bila tone kuonekana nje, kwa sababu sehemu hiyo ya bomba hunyonya badala ya kusukuma. Weka kipande cha bomba linalopitisha mwanga kabla ya pampu, na utaviona vipovu kwa macho yako.

MsomajiKimya

Wakuu, nashukuru kwa uzi huu. Pikapu yangu ni ya petroli na inachemka ninapopanda mlima, ingawa kwenye tambarare haina shida. Fundi mmoja amenishauri niitoe themostati kabisa ili maji yapite bila kizuizi. Je, ni ushauri mzuri?

Soketi12

Mkuu MsomajiKimya, ushauri huo umeenea kila mahali na umeharibu injini nyingi, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa urefu kidogo.

Themostati hufunga njia ya maji hadi injini ifikie joto lake la kazi, ambalo katika magari haya kwa kawaida ni kati ya nyuzi 82 na 88. Ukiitoa, injini hufanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na unyevu hubaki ndani ya oili. Zaidi ya hayo, injini nyingi hutumia themostati yenye kisahani cha pili upande wa ndani, ambacho kazi yake ni kuifunga njia ya mkato pindi maji yanapopata moto. Ukiiondoa themostati hiyo, njia ya mkato hubaki wazi daima, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemka zaidi mlimani. Tatizo ulilotaka kuliondoa umeliongezea nguvu.

Kama unaishuku themostati, itoe, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na uyapashe maji hayo moto taratibu. Ikifunguka karibu na joto lililoandikwa juu yake, na ikaendelea kufunguka hadi mwisho, irudishe au ununue mpya ya joto hilohilo.

Gari linalochemka mlimani tu na kutulia kwenye tambarare mara nyingi lina rejeta iliyoziba kiasi. Maji hupita ya kutosha kazi ikiwa nyepesi, na hayatoshi kazi ikizidi. Zima injini ikiwa moto, hakikisha feni haiwezi kuwaka yenyewe, kisha upapase uso wa rejeta: mahali palipo baridi katikati ya joto ndipo palipoziba. Angalia pia feni, kama ni ile yenye klachi ya mafuta mazito. Injini ikiwa imezimwa na bado ina moto, izungushe kwa mkono. Ikizunguka mizunguko kadhaa kama haijashikwa na kitu, klachi imekufa.

Kisha kuna mfuniko wa rejeta, kitu kidogo kinachodharauliwa. Mfuniko wa shinikizo la psi 13 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa maji matupu kutoka nyuzi 100 hadi karibu 119. Springi yake ikichoka, unapoteza nyuzi hizo zote. Ubadilishe kabla ya kununua kitu kingine chochote, na usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto. Ndani ya rejeta weka kulanti (kimiminika cha kupozea injini), nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, kwa sababu maji matupu huleta kutu kwenye bloku na kutu hiyo ndiyo inayokwenda kuziba rejeta.

MsomajiKimya

Asante sana, mkuu. Niongeze kwamba injini yangu ni 22R ya Toyota, na hivi karibuni nimeona oili imegeuka rangi ya maziwa yenye chai. Kila ninayemuuliza anasema ni gasketi ya hedi.

NatiKutu

Usifungue hedi bado. Kwenye 22R kuna sehemu nyingine inayoleta dalili hiyohiyo, na inafaa ikaguliwe kwanza.

Injini hii ya sentimita za ujazo 2,366 hutumia mnyororo wa timingi, na zile za kuanzia mwaka 1983 zina mnyororo wa safu moja unaopita kati ya miongozo ya plastiki. Plastiki hiyo huzeeka na kuvunjika. Mnyororo ukibaki bila mwongozo hulegea, hupiga kando, na kuanza kulikata kava la timingi ambalo ni la alumini. Nyuma ya ukuta huo ndipo inapopita njia ya maji. Mnyororo ukiutoboa, maji huingia moja kwa moja kwenye oili bila gasketi ya hedi kuhusika hata kidogo.

Dalili yake ya mapema ni mlio wa kukwaruza mbele ya injini unapoiwasha ikiwa baridi, ambao hupungua baada ya oili kufika kwenye kikazio cha mnyororo. Fungua kava la valvu, mulika tochi kwenye uwazi wa mbele unakoshukia mnyororo, na utaona kama miongozo ipo. Ukishusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) ukakuta vipande vya plastiki vimelala chini, umepata jibu. Mnyororo, gia, miongozo na kikazio vibadilishwe vyote kwa pamoja, na kava likiwa limetobolewa libadilishwe nalo. Usiendeshe gari hata umbali mfupi kabla ya hapo, kwani oili yenye maji hailindi beringi za kranki.

MwenyeChasisi

Nimechelewa kuuona uzi huu. Mimi tayari nimenunua, na chasisi yangu ina tundu la ukubwa wa kiganja karibu na sikio la springi ya nyuma. Je, nichomelee bamba juu yake yaishe?

NatiKutu

Mkuu, bamba lililobandikwa juu ya kutu linaficha tu. Kutu huendelea kula chini yake, na safari hii huioni. Chuma kilichooza kinakatwa chote hadi ufike kwenye chuma cheupe kisichopungua unene, kipande kipya chenye unene uleule kinaingizwa mahali pake, na ndipo bamba la kuimarisha linapoweza kuongezwa nje. Bamba hilo lisikatwe wima mwishoni mwake. Lichongwe kwa ncha za mshazari, kwa sababu mstari wa kuchomelea unaokata mhimili wima kwa mpigo mmoja huunda mahali dhaifu pa kupasukia gari likibeba mzigo. Sikio la springi nalo lipimwe kabla ya kukaza chochote, kwa kulinganisha umbali wake na ule wa upande wa pili, la sivyo ekseli itakaa upande na gari litatembea kimshazari.

Hapa nitasema wazi kwamba kama hujawahi kuchomelea vyuma vinavyobeba uzito, andaa kila kitu mwenyewe, yaani kusafisha, kukata na kupima, halafu umwite mchomeleaji mwenye ujuzi aje kuunganisha. Hakuna aibu katika hilo. Na mahali pengine sheria hutaka chasisi iliyochomelewa ikaguliwe rasmi kabla ya gari kurudi barabarani, kwa hiyo ulizia.

Kabla ya moto wowote, toa tangi la mafuta na mabomba yake, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini. Tenganisha betri, na waya wa athi (unaorudisha umeme) wa mashine ufungwe karibu kabisa na unapochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi. Zaidi ya yote, usisafishe chuma kwa dawa ya kupuliza ya breki yenye klorini. Mabaki yake yakikutana na moto wa kuchomelea yanaweza kutoa gesi ya fosijeni, ambayo huua hata ikiwa kidogo. Soma kopo, na ukiwa na shaka tumia sabuni na maji, kisha uache pakauke.

Soketi12

Naongeza jambo la umeme, kwa sababu nyaya za pikapu hizi hulaumiwa kuliko zinavyostahili. Taa hafifu, stata inayozunguka kwa uvivu, geji zinazocheza pamoja unapowasha kiashirio: mara nyingi kiini ni athi iliyoshika kutu. Betri iliyopumzika na kujaa husoma karibu volti 12.6. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa athi au mafungio yake ndiyo yanayokula nguvu. Safisha hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi juu yake. Rudia kipimo hicho kati ya injini na bodi, na kati ya bodi na chasisi. Usianze kukata nyaya kabla ya hapo.

MzigoTani

Wakuu, swali langu ni fupi. Nabeba mizigo mizito na pikapu yangu inainama nyuma. Nimeshauriwa niongeze majani mawili ya springi kila upande. Pia difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) inalia.

DizeliMoja

Mkuu MzigoTani, majani ya ziada huinua nyuma ya gari, lakini hayaongezi uwezo wa ekseli, chasisi, matairi wala breki. Kiwango cha mzigo kilichowekwa na mtengenezaji kinabaki vilevile. Kumbuka pia ile valvu aliyoieleza mwanzisha uzi: ukiinua chasisi kwa springi ngumu, valvu itadhani gari ni tupu na itapunguza breki za nyuma wakati ule unapozihitaji, hivyo fimbo yake lazima irekebishwe upya. Kama majani yaliyopo yamelala au limo lililopasuka, badilisha seti kwa seti ya kiwango kilekile. Yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli ziwe mpya, kwa sababu zilizokwisha kukazwa zimeshavutika, na uzikaze tena baada ya kutembea na mzigo kwa mara ya kwanza.

Kuhusu difu, kabla ya kufungua nati ya kumwagia oili, hakikisha nati ya kujazia inafunguka. Wapo waliomwaga yote kisha wakagundua ya juu imeganda. Difu hutumia oili ya daraja la GL-5, kwa kawaida ya 80W-90. Gia boksi ni jambo jingine: nyingi za zamani zenye ringi za shaba hutaka GL-4, kwa kuwa baadhi ya oili za GL-5 zina viungo vya salfa vinavyoidhuru shaba, na gia huanza kugoma kuingia. Fuata kitabu cha gari.

Na kabla hujaihukumu difu, tikisa propela shafti kwa mikono. Krosi (kiungo cha shafti hiyo) iliyokauka hulia mlio unaofanana sana na wa difu, na huisha kwa kazi ndogo. Ukiishusha shafti, weka alama kwenye flanji zote mbili ili irudi ilivyokuwa.

MwenyeChasisi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nimeshakwangua kutu kwenye milango na bodi la mizigo, na baadhi ya sehemu zimebaki chuma kitupu. Je, naweza kupaka praima, niendelee kulitumia gari, halafu rangi ije baadaye?

NatiKutu

Inategemea praima. Praima nyingi za kawaida, hasa zile zinazosagika kwa urahisi kwa msasa, zina vitundu vidogo vinavyopitisha unyevu. Ukiziacha nje bila rangi juu yake, maji huzipenya na kutu huanza upya chini yake bila wewe kuiona, hadi siku utakapopaka rangi na kuiona ikivimba. Praima ya epoksi hufunga chuma vizuri zaidi na inaweza kusubiri kwa muda, ingawa mionzi ya jua nayo huidhoofisha. Vaa kinyago chenye vichujio vya mvuke wa kemikali unapoipuliza, kwa maana kitambaa cha kufunika pua hakizuii kitu.

Kwenye vishimo vya kutu ambavyo brashi ya waya haifiki, tumia dawa yenye asidi ya fosforiki, inayoigeuza kutu kuwa tabaka gumu la fosfeti ya chuma, kisha uisafishe kama maelekezo ya kopo yanavyotaka, kwani epoksi nyingi hazishiki vizuri juu ya mabaki ya asidi. Zibua matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango. Yakiziba, mlango hujaa maji na huoza kuanzia ndani hata kama nje umeupaka rangi ya aina gani. Na kama huna epoksi kwa sasa, acha kukwangua. Rangi kuukuu iliyofifia ni kinga bora kuliko chuma kitupu, kwa hiyo iache ilipo hadi utakapokuwa na vifaa vyote mkononi.